Kioo Hakidakwi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua za masika zimeanza leo, nasi tumefungua shule leo. Mwalimu wa lugha ametaka kila mmoja wetu aandike shajara mpaka mvua zitakapokatika. "Msiniandikie niliamka nikapiga mswaki," amesema. "Kila mtu ana mswaki. Chagueni jambo moja mlitazame." Hatasoma, atapita tu kuona kama kurasa zinajaa. Jirani yangu wa dawati amechagua paka wao. Mimi nimemchagua Baba.

Baba ni fundi vioo. Anakata na kupachika vioo vya madirisha, yeye na Baba Mdogo, katika karakana yao iliyo mtaa wa pili kutoka kwetu. Wakati wa likizo, siku ya mvua kama leo, bamba la kioo lilimchana mkono wa kulia kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Kidonda kimefunga. Daktari aliutazama mshono akasema, "Safi kabisa." Lakini Baba hajarudi. Yaani yupo nyumbani siku nzima, ila hajarudi.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Baba hakula.

Jumamosi, 8 Machi

Bibi aliangusha kifuniko cha sufuria jikoni. Baba alikuwa sebuleni akisikiliza redio. Aliruka, akaegemea ukuta, mkono wa kushoto ukiufunika wa kulia kama mtu anayemkinga mtoto. Kisha akaja jikoni akamfokea Bibi. Baba, ambaye hata akitaka kumwamsha mama yake huanza kwa kukohoa mlangoni!

Bibi akamtazama kwa utulivu. "Mwanangu, ni kifuniko hicho, si kombora."

Siku nyingine tungecheka. Baba alitoka akaketi kwenye ngazi za nje, mvua ikimrashia magoti.

Mchana akaja Baba Mdogo. Yeye hawezi kuingia bila utani. "Hodi! Mbona mmenyamaza kama mnasubiri matokeo ya mtihani? Au mke mwenzako amekunyima chai, Profesa?" Mke mwenzangu ni Bibi, ndivyo tunavyotaniana hapa nyumbani. Profesa ni mimi, kwa sababu ya maswali yangu. Baba alipoisikia sauti yake aliinuka pale ngazini akapitia mlango wa nyuma.

Nilimuuliza Baba Mdogo kama ni maumivu ya mkono yanayomfanya Baba afoke. Akajibu, "Mkono ukiuma, mdomo hupoteza adabu," lakini alisema hivyo akitazama viatu vyake, akaondoka akiacha nusu ya chai.

Kuna kitu kingine kinanikereketa. Kanuni ya kwanza ya karakana Baba alinifundisha kabla sijajua kusoma: kioo hakidakwi. Kikikuponyoka, fungua mikono, rudi nyuma, kiache kivunjike. Ya pili: kioo hubebwa kikiwa kimesimama, na kikubwa hubebwa na wawili wanaokwenda hatua moja. Sasa, kioo ulichokiachia huweza kukukata mguu. Kiganja kinakatwaje?

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu wa Sayansi tunamwita Kwanini, maana hakuna jibu analoliacha lipite. Leo alimwaga majani mezani akatuambia tuyapange. Wote tukapanga kwa ukubwa. Akayachanganya tena.

"Kwa nini ukubwa? Jani dogo la leo ndilo kubwa la mwezi ujao. Tazameni yanayoandamana. Ukiona mishipa imekaa hivi, ukingo nao ukoje?"

Nilipofika nyumbani nilimwomba Mama kopo lake la vifungo. Mama ni mshonaji.

"Vya nini?"

"Vya sayansi."

"Sayansi isije ikanipotezea vifungo vya koti la mteja."

Nimevipanga dirishani chumbani kwangu. Kila jambo geni ninaloliona kwa Baba nalipa kifungo. Dhana yangu ya kwanza, kwamba yote ni maumivu, imeshakufa: jana alisema mkono ni mwepesi kama wa mtoto, na bado alizunguka njia ya mbali kwenda dukani ili asiuone mlango wa karakana.

Vyekundu ni mambo yanayomrudia bila kupiga hodi. Mvua ikilia juu ya bati, macho yake yanaondoka. Ukimwita anarudi akiwa na jasho. Ndoto nazo ni nyekundu. Vya bluu ni yale anayoyakwepa: mtaa wa karakana, harufu ya ule udongo wa kunatishia vioo, na Baba Mdogo mwenyewe. Vya njano ni mwili usiotulia: kushtuka, kufoka, kukaa kila mara akiuelekea mlango, usingizi wa sungura.

Halafu yamebaki mambo ambayo sijui pa kuyaweka. Hapigi mluzi. Mpira hautazami. Anakaa kati yetu kama mgeni anayesubiri kuruhusiwa kwenda. Na juzi alimwambia Mama, "Kosa ni langu," na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hayo nimeyapa vifungo vya kijivu nikavisogeza pembeni.

Jumamosi, 15 Machi

Vinaandamana! Jana ilinyesha tangu asubuhi. Kwanza kikaja chekundu, jioni yake njano, na leo bluu: hakutaka kutoka hata uani. Siku ya jua vyote vitatu vinapungua pamoja. Ila vya kijivu havijali jua wala mvua. Vipo tu.

Jumapili, 16 Machi

Mama ametukusanya jikoni wakati Baba amelala. "Kuanzia leo, humu ndani hakuna kioo," amesema. "Kila akikiona anapata shida. Sisi ndio watu wake. Tukimwondolea, atapumua."

Tulifanya kazi kama wanaohama. Kioo cha kujitazamia tumekifunga kwa shuka na kukisukuma uvunguni. Bilauri zimepandishwa juu ya kabati, vimeshuka vikombe vya plastiki. Picha ya harusi yao imetolewa kwenye fremu ikabandikwa ukutani. Madirisha hayang'oleki, kwa hiyo Mama ameyashonea mapazia mazito.

"Nyumba ya fundi vioo bila kioo," alisema Bibi akifuta vumbi, "ni kama kinyozi mwenye nywele hadi mabegani."

Baba alipoamka alitazama huku na huku. Alielewa. Akasema, "Asanteni," akala sahani nzima. Mama aligeukia sinki ili tusimwone akilia kwa furaha.

Jumanne, 18 Machi

Nimechana nywele bila kioo. Bibi aliniambia, "Nitazame mimi. Nikicheka, ujue umekosea." Alicheka.

Ijumaa, 21 Machi

Vifungo vya njano vimepungua. Baba hajamfokea mtu tangu Jumapili. Mama anaimba akishona.

Jumatano, 26 Machi

Leo siwezi kuandika vizuri. Nilikuwa nafagia upenuni nikawasikia Baba na Mama kupitia pazia.

"Mvua zikikatika nitakwenda kwa dada," Baba alisema. Dada yake, yaani Shangazi, ana shamba mbali sana na hapa. "Nitakaa kule peke yangu mpaka nipoe. Hapa nawaharibia."

"Unatuharibia nini?"

"Si unaona? Mnatembea kwa kunyata ndani ya nyumba yenu."

"Utakaa muda gani?"

Nilisubiri jibu mpaka mkono uliganda kwenye ufagio. Nilipoingia niliona begi la safari nyuma ya mlango wa chumba chao, bado tupu, mdomo wazi.

Nimewahi kuomba mvua ikatike ili tucheze nje. Leo nimeomba iendelee.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekaa na vifungo vyangu mchana kutwa. Nilidhani tunashinda. Lakini tazama: njano zimepungua, bluu zimezaana. Kwanza ulikuwa mtaa wa karakana tu. Sasa hakai sebuleni kwa sababu nyuma ya pazia anajua kuna dirisha. Haendi dukani kwa sababu ya kabati la vioo la mwenye duka. Alhamisi hakwenda hata kliniki, kunyoosha vidole. Tulimwondolea kioo kimoja, naye akaanza kuviona vingine ambavyo zamani havikumsumbua.

Kwanini angeniuliza swali lake. Kwa nini?

Jumatatu, 31 Machi

Upepo wa jana umevunja madirisha ya chumba chetu cha sayansi. Wamepigilia plastiki. Tunasoma kwenye mwanga wa rangi ya maziwa, mvua ikitupigia makofi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mama alikuwa na mteja wa haraka, kwa hiyo nilimsindikiza Baba kliniki mimi, baada ya shule. Alikubali kwa sababu vidole viwili vimeanza kukauka. Tulipofika tukakuta wameweka mlango mpya wa kioo kitupu, mrefu kuliko mtu. Baba alisimama getini. Nilimwona akianza kugeuka.

"Baba, nisubiri hapa kwenye benchi. Nitamwambia muuguzi tumefika."

Muuguzi alinisikiliza, kisha akamwita mwanamke mrefu aliyevaa raba. "Huyu ni mshauri wetu, anakuja siku za Alhamisi. Atakwenda yeye huko nje." Mshauri hakumwambia Baba aingie. Alitembea hadi kwenye benchi, manyunyu yakimlowesha.

"Naweza kukaa?"

"Benchi si langu," Baba alisema.

"Basi tuko sawa, si langu pia." Akakaa. Baadaye akamuuliza usingizi ukoje, mvua ikinyesha inakuwaje, mlango ule anauonaje. Baba alijibu kwa neno moja moja. Nilivumilia weee, mwisho nikanyoosha kidole kama niko darasani.

"Samahani, naomba kuuliza. Kwa nini yanaandamana?"

Mshauri alimtazama Baba kwanza. "Nimjibu?"

"Usipomjibu hutalala leo," Baba alisema. Ulikuwa utani! Mdogo, lakini utani.

Nikaeleza kuhusu vifungo. Mshauri akasema nimepanga karibu kama wanavyopanga wenzake. Mtu akipatwa na jambo la kutisha, akaumia, mengi kati ya haya huja. Kwa wengi hupungua yenyewe wiki zinavyokwenda. Kwa baadhi hukaa, na yakikaa, hukaa kwa makundi: yanayorudi, yanayokwepwa, mwili unaolinda zamu bila kupumzika.

"Na aliyeumia ana shida ya ziada," alisema. "Ukumbusho anao mwilini. Mkono ukichoma kidogo, akili inakumbuka. Ikikumbuka, misuli inakaza. Ikikaza, mkono unauma zaidi. Vinachocheana vyenyewe kwa vyenyewe."

"Na vya kijivu?" nikauliza. "Visivyojali mvua? Kutopiga mluzi. Kukaa kama mgeni. Kusema kosa ni langu."

Baba aliinamisha kichwa.

"Hivyo si mabaki," Mshauri alisema taratibu. "Hivyo ni kundi la nne. Watu hukosea kuviita tabia. Wanasema amekuwa mvivu, amekuwa mbaya, hatupendi tena. Ila nikwambie ukweli, wataalamu wenyewe bado wanabishana. Wengine wanagawa kundi hili mara mbili, wengine wanaunganisha na lile."

Bado wanabishana! Nilikuwa najua sayansi ni vitu vilivyokwisha kujulikana. Kumbe kuna watu wazima, mahali fulani, wanaokaa na vifungo vyao na hawajakubaliana.

Baba akauliza: "Kwa hiyo yote haya ni kitu kimoja?"

"Ni kama ndugu. Kila mmoja na tabia yake, lakini wanatembeleana."

"Mimi nilidhani nimeharibika kila mahali kwa wakati mmoja."

"Hapana. Umeumia mara moja. Na yanatibika, kwa kazi na kwa muda."

Hapo mimi, kwa majivuno, nikamwambia jinsi tulivyoondoa vioo vyote nyumbani. Hakunigombeza. "Mlifanya kwa upendo," alisema. "Kisha ikawaje?"

"Njano zikapungua." Nilisita. "Bluu zikazaana."

"Kwa nini?"

Aliyejibu ni Baba, akiutazama ule mlango. "Kwa sababu nyumba nzima ilikuwa inaniambia kuna hatari. Nikaamini."

Jumapili, 6 Aprili

Baba amewaeleza mwenyewe Mama na Bibi. Mama alishika kichwa. "Yaani miye na mapazia yangu!"

"Kumbe hofu ilikuwa gugu," Bibi alisema, "nasi tukaipalilia na kuimwagilia maji."

"Mama, usimlaumu mke wangu," alisema Baba. "Nilishiba siku ile."

Mshauri ametuagiza tusimsukume. Kitakachorudi, kirudi kwa kuchaguliwa na Baba. Nilimuuliza Baba kama begi nalo atalirudisha kabatini. Akasema, "Tuanze na kioo." Kwa hiyo begi lipo palepale.

Jumatatu, 7 Aprili

Kioo cha kujitazamia kimetoka uvunguni. Kimegeuzwa uso ukutani.

Ijumaa, 11 Aprili

Kimegeuka. Baba amenyoa ndevu mbele yake. Alitoka na povu sikioni na hatukumwambia mpaka amemaliza chai.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua kubwa, radi. Baba amerudi nyuma kabisa. Hakuamka, hakusema, na mchana nguo zake zilikuwa zimekunjwa karibu na begi. Nilimkimbilia Kwanini nikamwambia bila kumtaja mtu: jambo likiwa linapona, kisha likaharibika, je, halikuwa linapona? Akaniuliza kama nimewahi kuona mchoro wa joto la mwezi mzima. "Kila siku inapanda na kushuka. Usiulize leo ikoje. Uliza mstari unaelekea wapi."

Jumamosi, 19 Aprili

Mama alinituma karakana kumpelekea Baba Mdogo aproni aliyoishonea kiraka. Sikuwa nimefika tangu ajali. Meza ya kukatia imefunikwa blanketi lake lilelile. Vioo vimesimama kwenye fremu ya mbao kama vitabu. Baba Mdogo alikuwa anakata: aliweka rula, akavuta kile kikatio chenye kigurudumu kidogo mara moja tu, kikalia kama panzi, kisha akabonyeza na kioo kikaachana kwa mstari. Hakuwa anaimba wala kuongea peke yake. Nilikuwa sijawahi kumwona akiwa hana mtu wa kumchekesha.

Nikauliza lililonikereketa tangu mwanzo wa mvua. "Baba Mdogo, kioo ukikiachia, kiganja kinakatwaje?"

Aliweka kikatio chini. "Hakukiachia."

"Kwa nini? Kanuni si yake?"

"Kwa sababu chini yake nilikuwa mimi, Profesa."

Walikuwa wanashusha bamba kubwa, limelowa. Ubao wa kukanyagia uliteleza, na Baba Mdogo akainama kuusawazisha, jambo ambalo halifanywi kioo kikiwa juu. Kikaponyoka. Baba alikidaka kwa mikono mitupu, akakishikilia hivyohivyo, kinamchana, mpaka mdogo wake akatambaa akatoka.

"Tangu siku ile nasikia kilivyolia," alisema. "Nikifumba macho tu. Nakuja kwenu na vichekesho vyangu, yeye anatoka kwa mlango wa nyuma. Najua kwa nini. Hataki kumwona aliyemkatisha mkono."

Nilikuwa nakokotoa. Chekundu: anachokisikia akifumba macho. Bluu: vichekesho, maana njia moja ya kulikwepa jambo ni kuongea mengine bila kupumua. Kijivu: kosa langu. Na hana hata mkwaruzo mwilini.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilimuuliza Mshauri, Baba akiwa kwa muuguzi (siku hizi anapita kwenye ule mlango, ila anausukuma kwa kiwiko). Niseme kwa Baba niliyoyasikia?

"Kioo kikubwa hubebwa na wangapi?"

"Wawili. Wanaokwenda hatua moja."

"Wewe ni mmoja wao?"

Nilitikisa kichwa. Nikapitia karakana nikamwambia Baba Mdogo kwamba Baba kila siku anasema kosa ni lake. Alinitazama kama nimemmwagia maji. "Lake? Lake vipi?"

"Muulize yeye," nikasema, nikaondoka kabla hajanifanya nijibu.

Jumamosi, 3 Mei

Amekuja. Hakupiga hodi ya utani. Alikwenda moja kwa moja ngazini alipokaa Baba, akakaa ngazi ya chini yake. Mimi na Bibi tulikuwa jikoni tukichambua mboga, dirisha wazi.

"Sogea, mke mwenzangu," Bibi alininong'oneza. "Unanizibia sikio."

Kisha Baba Mdogo: "Kaka, mbona unanikimbia?"

"Sikukimbii wewe. Nikikuona nakuona ulivyokuwa umeinama. Mimi ndiye mkubwa. Nilitakiwa nikague ubao kabla hatujainua. Kosa langu."

"Ubao niliuweka mimi! Nikainama mimi! Kaka, ungefuata kanuni yako siku ile, leo mngekuwa mmeshanisahau."

"Usiseme hivyo."

"Ndiyo ukweli. Sasa wewe unasema lako, mimi nasema langu. Tugawane basi, kila mtu achukue nusu yake tupumzike."

Baba akatoa sauti. Nilidhani analia. Bibi alichungulia, akarudi ameshika kifua. "Anacheka," alisema. "Kama gari lililolala kwenye baridi, lakini anacheka."

Baadaye nilimsikia akisema, "Mkono huu ningeutoa tena." Na baada ya hapo walilia kweli, nasi tukafunga dirisha, maana hata kusikiliza kuna mpaka.

Jumatatu, 5 Mei

Bilauri zimeshuka kabatini. Mama amevua mapazia. Dirisha la sebule ni chafu ajabu.

Jumanne, 13 Mei

Mvua zimeanza kupungua. Naogopa kutazama nyuma ya mlango. Nimetazama. Begi lipo.

Jumamosi, 17 Mei

Shule imempa Baba Mdogo kazi ya madirisha ya chumba cha sayansi, na yale mabamba ni makubwa. Tuliitwa wanafunzi wachache kuondoa madawati. Kwanini alikuwa akifagia mwenyewe. Nikasikia mkokoteni getini, nikatoka, nikamwona Baba Mdogo, na nyuma yake Baba, begi la safari begani.

Nilidhani amepita kuniaga.

Akaliweka chini akalifungua. Ndani kulikuwa na nyundo, vikatio, glavu nzito, na furushi la ule udongo wa kunatishia. "Mama yako anasema begi zuri halifai kukaa bure," alisema. Kwa Shangazi hakupataja, nami sikuuliza. Sijui kujizuia kuuliza kuna rangi gani ya kifungo, lakini niliweza.

Walivaa glavu wakainua bamba, limesimama, Baba mbele. "Kushoto," alisema, na wote wakaanza na mguu wa kushoto. Walipofika kando ya ukuta wa madarasa, manyunyu yakaanza. Baba akasimama. Niliona shingo yake ikikaza.

"Tushushe," alisema. Wakalishusha taratibu, wakaliegemeza ukutani. Hakukimbia. Alisimama mkono ukiufunika mwenzake, akasema kwa sauti, kama anayesoma ubaoni: "Mvua. Nimeshtuka. Nipeni muda."

"Chukua, kaka. Kioo hakiozi," alisema Baba Mdogo.

Kwanini aliacha kufagia. Nilimwona akitaka kuuliza kwa nini, na kwa mara ya kwanza maishani mwake nadhani, hakuuliza. Baba alivuta pumzi, akatazama mlingoti wa bendera, kisha mikono yake, kisha mdogo wake. "Kushoto," alisema tena.

Waliweka dirisha moja tu leo. Mengine wiki ijayo. Kupitia hilo moja nimeuona uwanja wote.

Jumapili, 25 Mei

Hakujanyesha tangu Jumatano. Mwalimu wa lugha amesema tufunge shajara zetu wikiendi hii. Nilitaka kuandika kwamba Baba amepona, lakini si kweli na sitaki kufunga kwa uongo. Wiki hii alizunguka tena njia ya mbali mara moja. Mshauri anasema mvua zijazo huenda zikawaamsha wale ndugu, nasi tutawajua kwa majina. Vifungo nimemrudishia Mama, isipokuwa kimoja cha kijivu.

Nikaishia hapo nikaenda kuosha vyombo. Sasa naandika tena.

Bilauri iliniteleza na sabuni. Nilipeleka mkono kuidaka.

"Acha!" Baba alipiga kelele kutoka mlangoni.

Nikafungua vidole. Ilivunjika sakafuni, na mlio wake ulijaa jikoni. Mama aliganda kwenye cherehani. Bibi alifumba macho. Baba alikuwa ameegemea ukuta, mkono juu ya mkono, na macho yake yaliondoka. Tuliyaona yakiondoka. Hakuna aliyekimbilia kuficha vipande. Hakuna aliyesema pole. Tulisubiri, naye akavuta pumzi, moja, nyingine, mpaka macho yakarudi yakanikuta mimi.

"Kioo hakidakwi," alisema. "Nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Basi mwalimu wako naye aliwahi kufeli."

"Alifeli vizuri," alisema Bibi bila kufumbua macho.

Baba alikwenda akarudi na ufagio uliokuwa nyuma ya mlango wa chumba chao, pale lilipokuwa begi, akavuka vipande. Aliushika kwa mkono wa kulia. Alifagia taratibu, kuanzia kwenye miguu yangu kwenda nje, na alipofika kizingitini nilisikia kitu kikipita kati ya meno yake. Huenda ni pumzi tu. Huenda ni mluzi unaojaribu njia. Nilisimama palepale, mikono ikidondosha povu, nikisikiliza.